Kanisa la Kwanza la Nutfield

Kanisa hili la New Hampshire lina umri mkubwa kuliko mji wake. Kabla hata gogo la kwanza la nyumba halijakatwa, waumini wake wengi walikuwa wamekwisha kusali pamoja miaka mingi huko Aghadowey, katika bonde la mto Bann, kaskazini mwa Ireland, chini ya Mchungaji James MacGregor. Walikuwa Wapresbiteri, uzao wa Waskoti waliohamia Ulster karne ya 17. Mikataba ya mashamba ilipokwisha, wenye ardhi walipandisha kodi. Zaka walitozwa kwa ajili ya kanisa la serikali, ambalo si lao, na sheria ya 1704 iliwafungia milango ya vyeo vya umma. Ukame ukaja kumalizia.

Machi 1718 waliandika ombi kwa Samuel Shute, gavana wa Massachusetts na New Hampshire, likapelekwa Boston na Mchungaji William Boyd. Lilikuwa na majina 319, na ni watu 13 tu walioweka alama kwa kutojua kuandika. Anayetafuta asili ya ukoo wake kati ya wahamiaji hawa huanzia hapo: huenda akakuta mwandiko wa babu yake mwenyewe, jambo ambalo wajukuu wa wakulima wa zama zile hawalipati kirahisi.

Meli zilitia nanga Boston Agosti mwaka huohuo. Wenyeji hawakuwafurahia, waliogopa kulisha midomo mipya, na gavana alipendelea wageni wakae mipakani, wawe ngao. Kundi moja lilielekezwa Casco Bay, huko ambako leo ni Maine. Barafu iliinasa meli yao, wengine wakapitisha baridi yote humohumo ndani, chakula kikawaishia mpaka serikali ya Massachusetts ikawapelekea unga wa mahindi. Theluji ilipoyeyuka walirudi kusini kutafuta ardhi, wakachagua mahali palipoitwa Nutfield kwa wingi wa miti yake ya njugu.

Familia 16 ndizo zilizoanza. Jumapili, 12 Aprili 1719, MacGregor alihubiri chini ya mwaloni kando ya ziwa, kutoka Isaya 32:2. Viwanja vilipimwa vyembamba na virefu kufuata kijito, ili nyumba zikaribiane; hofu ya vita ilikuwa kubwa. Hati ya ardhi waliipata kwa John Wheelwright, aliyedai haki kutokana na mkataba ambao babu yake anasemekana kuufunga na machifu wa wenyeji wa asili mwaka 1629. Wanahistoria wengi wanaona mkataba huo ni wa kughushi. Wapennacook, wenye nchi, hawakuulizwa.

Mwaka 1720 MacGregor alimwandikia Shute akilalamika kwamba watu wake wanaitwa Waairishi, ilhali walikwishahatarisha kila walicho nacho kwa ajili ya taji la Uingereza. Hakuwa akitia chumvi. Mwaka 1689, akiwa kijana, alikuwa ndani ya kuta za Londonderry mji ulipozingirwa na jeshi la Mfalme James aliyekuwa amepinduliwa. Ndiyo maana Nutfield ilipopewa hadhi ya mji mwaka 1722, ilipewa jina la Londonderry.

MacGregor alifariki 1729. Aliyemrithi, Matthew Clerk, ndiye ninayempenda zaidi katika historia hii. Alikuja akiwa mzee wa miaka kama 70, naye mpiganaji wa mzingiro uleule, amefunika kovu la risasi kichwani kwa kitambaa cheusi. Nyama hakula kabisa. Akamwoa mjane wa mtangulizi wake. Alipokufa, Januari 1735, jeneza lake lilibebwa na wazee waliopigana pamoja naye kwenye kuta zile. Mwaka mmoja kabla, kumbukumbu za kanisa zinataja washiriki 700 katika Meza ya Bwana moja, idadi kubwa mno kwa mji uliokuwa na miaka 15 tu.

Maisha ya siku za kazi yaliendeshwa na kitani. Wanawake walisokota kwa gurudumu la mguu, na vitambaa vyao vikasifika hadi walaghai wakaanza kuuza vya kwao kwa jina la Londonderry. Mwaka 1748 mkutano wa mji uliteua wakaguzi wa kuvipiga muhuri vitambaa halisi. Viazi mviringo navyo walikuja navyo, na Derry, sehemu ya mji huo wa zamani, hujivunia hadi leo kuwa shamba la kwanza la viazi Amerika Kaskazini lilikuwa kwao. Londonderry hiyohiyo ndiko alikozaliwa, mwaka 1728, jenerali John Stark wa vita vya uhuru. Na Matthew Thornton, aliyezaliwa Ireland na kutia saini Azimio la Uhuru, alifanya udaktari mjini hapo.

Jengo la sasa la kanisa ni la 1769. Mji ulipogawanywa 1827, lilibaki upande wa Derry, na baadaye waumini wake wakaacha Upresbiteri wakajiunga na Wakongregesheni.