Walikale: siku 12 zilizookoa hadisi ya Mwindo

Mwaka 1956, huko Walikale katika Kivu ya Kaskazini, mwimbaji mmoja wa Wanyanga, Candi Rureke, alikubali kusimulia hadisi ya Mwindo tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi ilichukua siku 12. Aliimba, akacheza, akaigiza, huku mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wakiandika.

Rureke hakuwa amewahi kuisimulia yote kwa mfululizo. Desturi ilikuwa kuchukua kipande kimoja, jioni, wakaaji wa kijiji wakiwa wamekusanyika. Wala hakufanya kazi peke yake: vijana walipiga fimbo juu ya mti mkavu, wasikilizaji wakaitikia wimbo, wakamtia moyo kwa sifa na zawadi ndogo. Wakati ule, wenye kuijua hadisi nzima walikuwa wamebaki wachache.

Shemwindo, mtemi wa Tubondo, alikataza wake zake wasizae mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa. Baba akataka kumuua, akamfungia ndani ya ngoma na kuitupa majini. Mtoto akapona, akafika kwa shangazi yake Iyangura. Alirudi na vita, Tubondo ikateketea, baba akakimbilia kuzimu. Mwindo alimfuata, akamleta nyumbani akiwa hai. Kisha waliokufa wakafufuliwa, watu wote wakakusanywa, na Shemwindo akakiri kosa lake mbele yao. Hapo ndipo baba na mtoto waligawana utawala.

Mwaka 1969 hadisi hiyo ilitoka kitabuni huko Marekani, kwa Kinyanga na Kiingereza. Biebuyck aliitayarisha pamoja na Kahombo Mateene, Mkongomani mtaalamu wa lugha. Hivyo maneno ya Rureke yakasalimika, hata kwa wale ambao hawajawahi kukanyaga Walikale.

Lakini hadisi inahitaji pia watu wa kuitikia, na hao ndio vita inawatawanya. Tangu mapigano ya 1993 yaliyoanzia Ntoto, familia nyingi za Walikale na Masisi zimehama, tena si mara moja. Mwenye kuongoza wimbo anajikuta upande huu, wenye kuitikia upande ule. Mtoto anakulia kambini au katika nyumba ya jamaa, anajua jina la kijiji chake tu, hajui kilichokuwa kikisimuliwa pale.

Kazi ya 1956 inaonyesha njia. Kulikuwa na mwenye kukumbuka, wenye kupiga fimbo, wenye kuitikia na wenye kuandika. Watu wa namna hiyo wanapatikana hata mahali pa ukimbizi. Bibi anasimulia, mwanafunzi anaandika katika daftari. Jioni inayofuata anasoma kwa sauti, wazee wanasahihisha, watoto wanajifunza kuitikia. Jirani wa kabila lingine naye ana chake: Walega wana Mubila, Wamongo wana Lianja. Anayekaa kusikiliza hadisi ya mwenzake anapata la kumuuliza kesho yake wanapokutana kwenye foleni ya maji.

Katika hadisi ya Rureke, utawala haukugawanywa kabla watu wa Tubondo hawajarudi na kusikia kosa likikiriwa. Familia zinazongojea kurudi nyumbani zina haki ya kuisikia sehemu hiyo, na kuijadili barzani.