Caroline Casey: Aliyeficha uoni hafifu mpaka miaka 28

Caroline Casey alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1971, akiwa na ualbino wa macho. Tunaoufahamu zaidi huonekana kwenye ngozi. Huu huathiri macho. Wazazi wake hawakumwambia. Walimsomesha shule ya kawaida, naye akadhani kila mtu anaona ukungu kama yeye.

Siku alipotimiza miaka 17, daktari wa macho alimuuliza atasherehekea vipi. Akajibu kwamba atajifunza kuendesha gari. Ndipo alipoambiwa ukweli.

Hata hivyo aliendelea kuficha, sasa kwa hiari yake. Alifanya kazi kadhaa, mwisho katika kampuni ya Accenture, bila kuwaeleza wenzake, mpaka alipofika miaka 28, macho yakamshinda na akalazimika kuomba msaada.

Mwaka 2001 alisafiri takriban kilomita 1,000 nchini India juu ya tembo aitwaye Kanchi. Safari hiyo ilichangisha fedha za upasuaji wa mtoto wa jicho kwa watu 6,000. Taasisi aliyoianzisha baadaye ilipewa jina la tembo huyo.

Januari 2019, huko Davos, Uswisi, alizindua kampeni ya Valuable 500. Aliwataka wakuu wa makampuni 500 waahidi kulijadili suala la ulemavu kwenye bodi zao, na Mei 2021 idadi ikatimia. Ahadi ya bosi bado si ajira, tunakubali. Lakini bosi akinyamaza, mfanyakazi asiyeona vizuri huogopa hata kuomba maandishi yakuzwe kwenye kompyuta yake.