Mrithi Aliyekaa Kizuizini Miaka 41
Hapa Eldoret wazee bado huuita mji Sisibo, kutokana na Shamba Nambari 64 la walowezi. Mimi 64 hunikumbusha Barsirian arap Manyei.

Babake, Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, ndiye aliyebariki wapiganaji kabla ya vita, hadi Kapteni Richard Meinertzhagen alipomuua mkutanoni tarehe 19 Oktoba 1905. Baadaye Barsirian akarithi kiti. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni, ikihofia sherehe ya marika kukabidhiana madaraka, ikamkamata. Aliachiliwa 1964, wakati Kenya ilikuwa tayari huru. Miaka 41, jamani!

Koitalel ana makumbusho kule Nandi Hills. Mwanawe shuleni hatukufundishwa kabisa. Ukipita Sisibo, mkumbuke naye.