Kamba ya Mbwa Mkoani Mara

Mwisenge ikitajwa popote nchini, wengi hukumbuka shule. Ni haki yao. Hapa ndipo mtoto wa Chifu Burito wa Butiama, Julius Nyerere, alipoanza darasa la kwanza mwaka 1934. Lakini mkoa wetu una historia nyingine ambazo hakuna aliyezijengea mnara, na mojawapo, ndugu msomaji, ni historia ya kamba ya mbwa. Usicheke kwanza. Kwenye kamba hiyo wapo watu waliokufa na wapo waliopona.

Zamani mbwa wa Mara hakuwa mbwa wa kamba. Aliandamana na wachungaji, alikwenda mawindoni, usiku alilinda boma. Kumfunga kulikuwa sawa na kumfunga mlinzi wako mikono. Kazi yake ilimtaka awe huru, na hakuna aliyeona sababu ya kumzoesha kitu shingoni.

Sababu ililetwa na maradhi. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka na kutetemeka. Ilikuwa distempa, ugonjwa wa mbwa. Waliokufa walikuwa kama theluthi moja ya simba wote wa hifadhi, yaani karibu 1,000, na watafiti wakageuza macho kuwatazama mbwa wa vijiji vinavyoizunguka. Mbwa hao hao walikuwa na ugonjwa mwingine, wa zamani zaidi na mbaya zaidi kwa binadamu: kichaa cha mbwa. Huo dalili zikishamtokea mtu, basi tena, karibu kila mara ni kaburi. Na wanaoumwa sana ni watoto.

Oktoba 1996 kampeni kubwa ya kuchanja mbwa ikaanza wilayani Serengeti. Hadi mapema mwaka 2001 ilikuwa imewafikia karibu theluthi mbili ya mbwa wa wilaya hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: baada ya kampeni ya kwanza kichaa cha mbwa kilipungua kwa asilimia 70, baada ya ya pili kwa asilimia 97. Na Musoma je? Wilaya yetu ndiyo iliyotumika kulinganishia. Kwetu mbwa waliochanjwa walikuwa asilimia 9 tu, na ugonjwa haukupungua. Wilaya mbili jirani, mkoa mmoja, miaka ile ile. Kule watu walioumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa walipungua, huku wakabaki vile vile. Mimi kila nikisoma takwimu hizo nasikia kitu kinanikaba.

Sasa kamba inaingia wapi? Inaingia hapa: chanjo ya vijijini hutolewa kituoni, mara nyingi shuleni au chini ya mti. Mganga wa mifugo haendi kufukuzana na mbwa wa kila mtu mashambani. Mwenye mbwa ndiye anayemleta, na mara nyingi anayetumwa ni mtoto. Mbwa asiyejua kamba hugoma njiani, huruka, hung'ata, huchomoka. Akichomoka, sindano imempita mwaka mzima. Watoto wa mbwa ndio huachwa nyumbani kabisa, eti bado wadogo, wakati nao wanaweza kuchanjwa.

Ndiyo maana nilipompata Bobi, akiwa na miezi mitatu, nilianza na shingo kabla ya kitu kingine. Siku za kwanza nilimvisha ukanda laini wa kitambaa, basi. Halafu nikamfunga kamba nyepesi aiburuze uani, nikimwangalia asinaswe. Alipoizoea ndipo nikaishika. Kanuni ni moja: akivuta, nasimama kama mlingoti. Kamba ikilegea, tunaendelea, naye anapata dagaa mmoja mkavu. Simvuti, kwa sababu mbwa akivutwa hukaza upande wa pili, ndivyo alivyoumbwa. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1904, alionyesha jinsi mbwa anavyounganisha ishara na chakula. Kwa Bobi ishara ni ule ulegevu wa kamba.

Mbio zilikuja mwisho, na zilikuwa ngumu kuliko kutembea. Mbwa mdogo akiona unakimbia anadhani ni mchezo: anakurukia miguuni, anaing'ata kamba. Kwa hiyo tulikimbia hatua ishirini tu, kisha tukatembea, kisha ishirini tena. Akiruka, nasimama kimya. Akitulia, twende. Tulitoka alfajiri, upande wa Makoko, kabla bodaboda na mbuzi hawajajaa barabarani. Mpaka leo simkimbizi mbali. Mifupa ya mbwa hukomaa karibu na umri wa mwaka mmoja, wakubwa wa mwili huchelewa zaidi.

Asubuhi moja mzee wa jirani alitusimamisha.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mjukuu wangu, siku hizi mbwa naye anafundishwa mwendo?"

"Ndiyo babu. Nataka siku ya sindano aende kwa miguu yake."

Akanyamaza kidogo. "Sisi wetu," akasema, "walikimbilia mihogoni. Tukawaacha."

Maneno matatu au manne hivi, lakini ndani yake niliiona ile asilimia 9. Uzembe peke yake hautoshi kuieleza. Wako watu waliotaka kwenda kituoni wakashindwa kumfikisha mbwa.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asife mtu kwa kichaa cha mbwa kitokanacho na mbwa, na kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur, huadhimishwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Wataalamu wanasema tukichanja asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa unakatika. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji tiririka na sabuni dakika 15, kisha kimbia hospitali. Na kama una mbwa mdogo uani, tafuta kamba laini na dagaa wachache. Anza leo jioni.