Lobo wa Kwanza: Kauboi Aliyerudishwa Bila Kufunguliwa

Ukimtajia Lobo mtu anayecheza michezo ya vita ya mezani, mawazo yake yatakwenda moja kwa moja kwa lile jitu la kampuni ya DC: uso mweupe kama chokaa, macho mekundu, pikipiki ya angani na mnyororo wenye ndoana. Lilibuniwa na Roger Slifer na Keith Giffen mwaka 1983, likapata umaarufu mkubwa miaka ya 1990, na leo lina visanamu vyake vya plastiki vilivyopakwa rangi. Insha hii haimhusu huyo. Inamhusu mwenye jina la awali, ambaye alitangulia kwa karibu miaka 18 na ambaye wachezaji wengi hawajapata hata kumsikia.

Mwezi Desemba 1965 ndio uliochapishwa kwenye toleo la kwanza la kitabu cha katuni kilichoitwa Lobo, cha kampuni ya Dell ya Marekani. Mwandishi wake alikuwa D. J. Arneson, na mchoraji Tony Tallarico. Mhusika mkuu ni mtu mweusi, mahiri wa bastola, katika Magharibi ya Marekani baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Anasingiziwa mauaji, anakimbia, na tangu hapo anaishi akiwinda wahalifu huku naye akiwindwa. Jina lake halisi hatuambiwi. Lobo, yaani mbwa mwitu kwa Kihispania, ni jina alilobandikwa na maadui zake katika toleo hilo. Kila anapomshinda mhalifu humwachia kwenye paji la uso sarafu ya dhahabu yenye picha ya mbwa mwitu na herufi L.

Namweka katika kundi la wahusika ambao si mashujaa safi na si majambazi. Hana beji, hana ruhusa ya hakimu, na hiyo sarafu kwenye paji la uso haina upole wowote. Anatenda haki nje ya sheria kwa sababu sheria yenyewe ilikwisha kumhukumu. Wahusika wa namna hii walikuwa wengi katika hadithi za kauboi, na wasomaji wa Marekani waliwapenda sana. Kilichokuwa kigeni ni rangi ya huyu mmoja.

Hapa ndipo historia inapokuwa tamu, kwa sababu rangi hiyo haikuwa ubunifu hata kidogo. Wanahistoria hukadiria kwamba takriban mchunga ng'ombe mmoja kati ya wanne katika Magharibi ya baada ya vita alikuwa mweusi. Nat Love, aliyezaliwa utumwani Tennessee, alichapisha kitabu cha maisha yake ya ukauboi mwaka 1907. Bass Reeves, naye aliyezaliwa utumwani, aliajiriwa mwaka 1875 kuwa naibu mkuu wa polisi wa serikali kuu katika Himaya ya Wahindi Wekundu, ambayo leo ni jimbo la Oklahoma, akaifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 30. Bill Pickett alisifika kwa kumwangusha fahali kwa kumng'ata mdomo. Watu hawa waliishi, wakafa, kisha filamu na vitabu vya katuni vikawafuta. Mwaka 1965 Philip Durham na Everett L. Jones walitoa kitabu cha historia kiitwacho The Negro Cowboys, na Arneson alisema kwamba ndicho kilichompa wazo la Lobo. Tallarico alidai kwamba wazo lilikuwa lake. Mimi nayaona maelezo ya Arneson kuwa na uzito zaidi, kwa kuwa yanataja chanzo tunachoweza kukishika mkononi na tarehe zake zinaoana.

Toleo la pili lilitoka mwaka 1966. La tatu halikutoka. Kwa mujibu wa Tallarico, zilichapwa nakala 200,000 na zikauzwa kati ya 10,000 na 15,000 tu. Vifurushi vilirudishwa kutoka kwa wasambazaji bila hata kufunguliwa, kwani wauzaji walipojua kauboi ni mweusi hawakumtaka dukani. Tuupokee ushahidi huu kwa tahadhari: ni kumbukumbu za mtu mmoja mwenye maslahi, zilizosimuliwa miaka mingi baadaye. Hata hivyo, tukumbuke kwamba Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilisainiwa Agosti 1965, miezi michache kabla ya toleo la kwanza, na ilisainiwa kwa sababu kulikuwa na maelfu ya maofisa walioifunga milango ya kura. Muuza magazeti hakuhitaji hata kufunga mlango. Alihitaji tu kutoikata kamba ya kifurushi.

Matokeo yake yanaonekana katika orodha za leo. Heshima ya kuwa mtu mweusi wa kwanza mwenye kitabu chake mwenyewe hupewa mara nyingi Luke Cage wa mwaka 1972. Black Panther alitokea Julai 1966, lakini kama mgeni katika kitabu cha wengine. (Kabla yao, mwaka 1954, kampuni ya Atlas ilikuwa na Waku, mwana wa mfalme wa "Wabantu". Sisi tunaosoma isimu ya Kibantu tunaweza kujiuliza ufalme huo wenye mamia ya lugha uliendeshwaje.) Ni mwaka 2005 tu ambapo Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, kilimtunuku Tallarico kwa kazi ya Lobo.

Hasara hiyo haikuishia Marekani. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walivaa skafu na kofia za kikauboi, wakajiita Mabili kwa jina la Buffalo Bill, na wakatunga hata lugha yao, Kihindubili. Kauboi waliyemwona kwenye pazia la sinema alikuwa karibu daima mweupe. Walijichonga upya wenyewe, bila kujua kwamba asili ya vazi lile ilikuwa pia ya watu waliofanana nao.

Kwa hiyo namtaka Lobo mezani, wa milimita 28, achanganyike na wale wa mchezo wa Dead Man's Hand. Mle kila mchezaji huongoza kundi: majambazi, walinda sheria au makauboi. Lobo asiwe na kundi. Aingie katikati ya pambano kwa kura, na pande zote mbili ziruhusiwe kumpiga risasi, kwa kuwa ndivyo alivyoandikwa. Akimwangusha mtu, kiwekwe kidude cha duara cha rangi ya dhahabu mahali pale, na kila mwenzake marehemu anayekiona arushe dete kupima ujasiri wake. Asipakwe rangi ya shaba ya kukwepa mjadala. Awe mweusi kama walivyomchora. Kwenye kitako, pale visanamu vingine huandikwa jina, ichongwe herufi L peke yake.