Chapa, Simu na Hati za Kiswahili: Funzo la Historia

Mijadala kuhusu Kiswahili katika simu na intaneti mara nyingi hujengwa juu ya dai kwamba teknolojia mpya huipeleka lugha itakako yenyewe. Makala hii inalipima dai hilo kwa badiliko la zamani: Kiswahili kuacha hati za Kiarabu na kushika hati za Kirumi.

Barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa, ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiswahili yanayojulikana, nazo ziliandikwa kwa hati za Kiarabu. Hati hizo zilikuwa na upungufu: msomaji alilazimika kubainisha mwenyewe baina ya e na i, au o na u. Hata hivyo, hazikuwa zimeganda. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alizirekebisha ili zilingane na sauti za Kiswahili.

Je, ni chapa iliyoziondoa? Ushahidi wa Unguja unapinga. Sultani Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, alianzisha mtambo wa chapa uliotoa vitabu vya Kiarabu. Katika kisiwa hichohicho, wamisionari wa UMCA walichapa kwa hati za Kirumi, na mwaka 1888 wakaanza kutoa gazeti la Msimulizi. Chapa, basi, iliweza kuzihudumia hati zote mbili.

Kilichoamua ni shule na ofisi. Wajerumani waliwafundisha makarani hati za Kirumi katika shule ya Tanga, mji ulikotoka gazeti la Kiongozi kuanzia 1904. Waingereza walifuata njia hiyo kwa Mambo Leo mwaka 1923, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasanifisha tahajia kwa hati hizohizo. Mjuzi wa hati za Kiarabu pekee, hata awe mtunzi wa tenzi, machoni mwa ofisi akawa hajui kusoma.

Simu ya leo inathibitisha hoja hii kwa upande wa pili. Inazo herufi za Kiarabu, na kikwazo cha ufundi kimepungua mno; lakini matumizi yake ya zamani hayajarudi, kwa kuwa wasomaji hawaundwi na mashine. Matokeo yake ni kwamba wajukuu wengi hawawezi kusoma barua za babu zao bila msaada wa mtaalamu.

Kwa hiyo, programu ya kusahihisha tahajia inapotia alama ya kosa chini ya neno la Kiamu au Kimvita, tusiseme teknolojia imeamua. Tuulize ni nani aliyechagua orodha ya maneno, na kwa idhini ya nani. Swali hilo halikuulizwa kwa sauti ya kutosha wakati wa hati, na gharama yake bado tunailipa.