Helikopta: Chombo Kimoja, Kazi Mbili

 

Leo tunazungumza juu ya helikopta. Mtu atauliza: helikopta na amani vinahusiana namna gani? Vinahusiana. Mlio wake ukipita juu ya maturubai, mtoto mmoja anashangilia kwamba chakula kimefika, na mwingine anajificha. Wote wawili wana sababu. Tuangalie historia yake.

Mwaka 1889, katika mji wa Kiev, alizaliwa Igor Sikorsky. Akiwa kijana, mwaka 1909 na 1910, alitengeneza helikopta mbili. Hakuna iliyoweza kumpandisha mtu. Baada ya mapinduzi ya Urusi aliikimbia nchi yake, akafika Marekani mwaka 1919. Ndiyo, ndugu zangu, mtu huyu naye alikuwa mkimbizi.

Shida ilikuwa hii: propela kubwa ya juu ikizunguka upande mmoja, mwili wa ndege unataka kuzunguka upande mwingine. Sikorsky aliweka propela ndogo mkiani ili kuuzuia. Tarehe 14 Septemba 1939 helikopta yake VS-300 iliinuka kwa mara ya kwanza, ikiwa bado imefungwa chini kwa kamba.

Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimeanza, na jeshi ndilo lililonunua. Lakini mwaka 1944, katika misitu ya Burma, helikopta ya Sikorsky iliwatoa majeruhi mahali ambapo ndege nyingine haikuweza kutua. Mwezi wa Novemba 1945, huko Connecticut, watu wawili waliokwama baharini katika dhoruba walivutwa juu kwa kamba. Tarehe 8 Machi 1946, Bell 47 ilipata ruhusa ya kazi za kiraia nchini Marekani. Miaka minne baadaye Bell 47 hiyo hiyo ilikwenda vitani Korea, ikibeba majeruhi kwenye machela yaliyofungwa nje, kando ya rubani.

Huko Urusi, Mikhail Mil alitengeneza Mi-8, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1961. Inabeba watu 24, au mizigo ya tani 4 hivi. Mwaka 1969 ikaruka ndugu yake, Mi-24, iliyotumia sehemu nyingi za Mi-8, lakini ikaumbwa kwa bunduki na roketi. Nyumba moja, watoto wawili.

Hata hivyo, tusiseme mmoja ni mwema na mwingine mbaya. Mi-8 nayo imefungwa roketi katika vita vingi. Na mwaka 2000, mafuriko yalipofunika Msumbiji, helikopta za jeshi la Afrika Kusini ziliwatoa maelfu ya watu juu ya mapaa na miti.

Hapa kwetu tumeziona zote mbili. Mwaka 2013, Kivu ya Kaskazini, helikopta za vita za Umoja wa Mataifa zilipiga. Mwaka 2018 hadi 2020, Ebola ilipoingia Beni na Butembo, helikopta zilibeba waganga na dawa.

Basi tunajifunza nini? Helikopta ni kama panga. Panga linalima shamba, na panga limeua jirani. Chuma hakina moyo. Anayeamuru ndiye mwenye moyo.

Wakubwa wetu, msingoje mlio ndipo muulize. Patana mapema na wanaoleta msaada: nani atatoa habari kabla helikopta haijafika, na atua wapi. Uvumi mmoja wa uongo unatosha kukimbiza kambi nzima porini, na usiku huo watoto wanapotea.

Akina mama na akina baba, wazuieni watoto wasikimbilie mahali inapotua. Upepo wake unang'oa maturubai, na ile propela ya mkiani haionekani ikizunguka. Na mtoto anayetetemeka akisikia mlio, msimcheke. Mkalisheni karibu, mwambieni kilichobebwa ni nini, ikiwa mnakijua kweli.